Uso wa Mkamwana

Thadei alimfahamu mke wa mwanawe kwa visigino. Kila walipokutana uani yeye aliinamisha macho, binti akageuka akapita zake, na kilichobaki kuonekana ni visigino vikienda. Ndivyo ukwe ulivyo katika ukoo wao. Baba mkwe hamtazami mkamwana usoni, hampi kitu mkono kwa mkono, hakai naye mkeka mmoja. Chakula chake kinawekwa juu ya kigoda, kinafunikwa, aliyekileta anakohoa na kuondoka, ndipo mwenyewe anatoka ndani kukila. Wasioyajua hayo wanaweza kucheka. Thadei hakuwahi kucheka wala kujiuliza. Baba yake aliishi hivyo na marehemu Mariana, mke wa Thadei, mpaka mzee alipozikwa, na hakuna aliyedhurika.

Suzana, mke wa mwanawe, ndiye aliyedhurika. Alikaribia kufa na mimba yake mbele ya Thadei, yeye akiwa anatazama visigino.

Walikuwa watatu katika nyumba ile ya Mwamkulu. Thadei, mama yake Bibi Hilaria, na Suzana, ambaye Alex, mwana wa Thadei, alimleta kutoka Karema mimba ilipoanza kuonekana, kisha yeye akarudi ziwani kwenye dagaa. Mariana angekuwa hai, angekuwa yeye mdomo kati ya mkwe na mkamwana. Kwa kuwa hakuwapo, mdomo ulikuwa Bibi Hilaria. Maneno yote ya nyumba yalipita kwake kama maji ya majaruba ya mpunga yanavyopita kwenye mfereji mmoja.

"Mama," Thadei angesema jioni, "mwambie mke mwenzako maji ya kuoga yamepoa."

"Mke mwenzangu! Mkweo anasema maji yamepoa."

"Mwambie nayapasha, bibi."

"Anasema anayapasha."

"Nimesikia, mama."

Imakulata, jirani yao, mwanamke wa maneno, alikuwa akishika mbavu. "Nyie watu! Mmekaa ua mmoja mnaongea kwa simu ya upepo. Siku bibi akiishiwa betri mtafanyaje?"

"Betri yangu itawazika wote," Bibi Hilaria alimjibu. Alimwita Suzana mke mwenza kwa sababu Alex, mjukuu, alikuwa "mume" wake tangu utotoni, na utani huo aliufaidi sana. "Mimi ndiye mke mkubwa hapa. Huyu kaja juzi na tumbo lake."

Bibi alikuwa na presha ya miaka mingi. Thadei ndiye aliyemchukulia vidonge mjini, akavileta ndani ya mfuko wa shati na kumkabidhi, na kila mara aliuliza, "Unameza, mama?" naye akajibiwa, "Kwani navitafuna?" Ikaishia hapo. Mtu aliyekuzaa humsimamii mdomoni kama mtoto wa chekechea.

Mwezi wa sita ukaingia, mpunga ukakauka. Anayelima mpunga anajua maana yake. Unakata, unabeba, unapiga, unapepeta, unaanika, na wakati wote huo unapigana na ndege, mbuzi na ng'ombe wa watu. Vibarua mwaka huo walikuwa wa shida, na Alex kila akipigiwa simu alikuwa majini hapatikani. Thadei alikuwa amechoka uchovu usioondoka kwa kulala. Aliamka nao, akaubeba mpaka shambani, akarudi nao.

Siku moja akiwa ameketi anakunywa uji aliona vile visigino vikipita, akaona vimekuwa vingine. Vilikuwa vimejaa, mfupa wa kifundo haupo, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Na vilikuwa peku.

"Mama, mke mwenzako ndala zake ziko wapi?"

"Hazimwingii. Miguu imejaa."

"Si ugonjwa huo?"

"Mimba ya kwanza hiyo. Hata mimi wewe ulinijaza miguu. Kunywa uji wako, wanaume na matumbo ya wanawake wapi na wapi."

Kweli, wapi na wapi. Thadei akanywa uji akaenda kwenye mpunga wake. Kama angeinua macho kutoka kwenye visigino mpaka usoni, mara moja tu, habari hii ingekuwa fupi. Lakini hakuinua, na ukweli ni kwamba hata wazo la kuinua halikumjia.

Siku iliyomwangusha Bibi Hilaria ilikuwa siku ya kupiga mpunga. Thadei alikuwa na fimbo juu ya turubai, vumbi limemjaa puani, Bibi ameketi pembeni anapepeta na kuwatukana kuku. Matusi yakakatika katikati. Thadei aligeuka akaona ungo umepinduka, mpunga umemwagika mapajani mwa mama yake, naye anajaribu kuuokota kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umelala kando kama si wake. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

"Mama?"

Akasema kitu. Hakikuwa neno.

Imakulata alikuja mbio na unga mikononi. Walimpakia mshikaki kwenye pikipiki ya Thadei. Yeye mbele, mama katikati, Imakulata nyuma amewakumbatia wote wawili, miguu ya bibi imefungwa khanga isije ikaingia kwenye tairi. Walipokuwa wakiondoka Thadei aliona, pembeni kabisa mwa jicho, Suzana amesimama mlangoni mwa jiko na mkono kichwani. Alidhani ameshika kichwa kwa huzuni.

Hospitali ya mjini waliwapokea vizuri. Daktari kijana alimpima bibi presha, akapima tena mkono mwingine, akamvuta Thadei pembeni.

"Ni kiharusi, mzee. Anatumia dawa za presha?"

"Anatumia."

"Kila siku?"

"Mimi mwenyewe ndiye ninayemchukulia."

"Sijauliza nani anazichukua. Nauliza kama anameza."

Thadei aliona kama amepigwa kofi. "Daktari, zile dawa sijawahi kuziacha ziishe. Mvua inyeshe, jua liwake, naja. Halafu unaniuliza kama anameza?"

"Nisamehe. Lakini hii si presha ya mtu anayemeza."

Thadei akamtazama mama yake pale kitandani, jicho moja limefumba, la pili linamwangalia, na badala ya huruma peke yake akapata na hasira. Ina maana alikuwa anavitupa? Alikuwa anampa nani? Bibi akavuta pumzi atamke kitu, akashindwa, ute ukamtoka upande uliolegea. Imakulata akaufuta.

"Mwache apumzike, Baba Alex. Kesho asubuhi nenda nyumbani ulete nguo zake, beseni na uji. Mimi nitakaa naye."

Asubuhi Thadei aliingia uani kwake, jua limeshapanda, akasikia kwamba hakuna kinachosikika. Jikoni hapakuwa na moshi. Mpunga ulikuwa vilevile juu ya turubai, na mbuzi wa mtu wamekula upande mmoja mpaka wameshiba. Hakuna aliyewafukuza.

Alikohoa, kama inavyotakiwa. Hakuna jibu. Akakohoa tena.

"Bibi hayupo," sauti ikasema nyuma ya ukuta wa jiko.

"Najua hayupo. Mimi si ndiye niliyempeleka?"

Hawakuwa wamewahi kuongea hivyo, neno la huyu likimjibu huyu bila mtu katikati. Thadei alijikuta ameshika kofia mkononi kama yuko kanisani. Alitaka kuuliza nguo za mama ziko wapi, akakosa namna. Angeanzaje? Angemwita nani? Hakuwahi kulitamka jina lake.

Kuku mwenye vifaranga alikuwa akichakura mlangoni mwa jiko. Sauti ikatoka tena, ya chini, ya mtu anayeongea huku ameuma meno.

"Mwambie baba kichwa kinaniuma. Mwambie tangu jana sioni vizuri. Naona kama kuna moshi."

Thadei alitazama huku na huku amwone anayeambiwa. Palikuwa na kuku peke yake. Binti alikuwa anamwambia kuku.

"Mwambie…" Thadei akaanza, naye akimtazama kuku yuleyule, kisha akakatisha. Mtu mzima, mwenye mvi, alikuwa karibu kumtuma kuku.

Aliweka kofia, akatoka mbio mpaka njiani kutafuta mwanamke yeyote. Aliita kwa Imakulata akakumbuka yuko hospitali. Aliita nyumba ya pili, mbwa akamjibu. Watu wote walikuwa kwenye mpunga, huko mbali mabondeni, unaona vichwa vyao vidogo vidogo na huwezi kumfikia hata mmoja haraka. Akarudi. Alipofika uani akamsikia Suzana akitapika, na baada ya kutapika akasikia kishindo cha mtu anayekaa chini bila kupenda.

Thadei akaingia jikoni.

Na hapo ndipo alipomtazama mkamwana wake usoni kwa mara ya kwanza. Uso ulikuwa umeumuka. Macho yamebaki mistari miwili, midomo imejaa, pua imepotea katikati ya mashavu. Jambo lililomtisha zaidi ni kwamba hakuwa na la kulinganisha. Hakuwahi kuuona uso ule, kwa hiyo hakujua ulikuwaje kabla haujavimba, wala ulianza lini.

"Baba, usinitazame," Suzana akasema, akivuta khanga ajifunike.

"Nimeshatazama. Inuka."

"Siwezi kushikwa na wewe, baba."

"Basi nishike wewe mimi. Inuka, Suzana!"

Lile jina lilimtoka kwa ukali, na binti akainuka, nusu kwa woga. Thadei alimpandisha pikipiki, akachukua kitenge cha mama yake kilichokuwa kwenye kamba, akakizungusha kiunoni mwa Suzana na kiunoni mwake, akafunga fundo mbele, kama mwanamke anavyofunga mtoto mgongoni. Lile tumbo likamgusa mgongo. Alihisi mtoto akicheza. Alisaga meno akawasha pikipiki.

Barabarani aliongea peke yake ili asilale yule wa nyuma. "Umeshika? Shika. Hapa kuna shimo. Shika. Hapa tunavuka mfereji." Suzana alijibu mwanzoni. "Nimeshika, baba." Kisha akajibu kwa kichwa, Thadei akakisikia kikigonga bega lake. Walipoingia Kawajense, karibu na mjini, akaacha kujibu. Mwili wake ukakakamaa kama gogo, halafu ukaanza kutikisika, na pikipiki yote ikatikisika nao.

Thadei alisimama vibaya, wakaanguka upande wa mchanga, yeye chini, Suzana juu yake. Mguu ulichubuka hakusikia. Mwanamke aliyekuwa anakaanga mihogo pembeni aliacha karai akaja. "Kifafa cha mimba hicho! Mlaze ubavu! Usimtie kitu mdomoni, mzee, mlaze ubavu tu!" Kijana wa bajaji, Kelvin, aliwashusha abiria wake bila hata kuwauliza. Walimbeba wote mpaka ndani ya bajaji, na Thadei ndiye aliyekuwa ameshika kichwa, mikono yake miwili kwenye mashavu yale aliyokatazwa kuyatazama.

Kwenye mapokezi ya wodi ya wazazi, hospitali ileile, alikuwepo sista anaitwa Aneth, mnene, mwepesi, asiye na muda wa kupoteza. Walishamwekea Suzana dripu na kumchoma sindano kubwa pajani wakati anauliza.

"Wewe ni mumewe?"

"Baba mkwe."

"Uso umevimba tangu lini?"

"Sijui."

"Kichwa je, kimeanza lini? Alikuwa analalamika kuona giza?"

"Leo ndiyo nimesikia."

"Mnaishi nyumba moja?"

"Moja."

"Sasa hujui vipi? Uso kama huu mtu anauona akiwa ng'ambo ya mto!"

"Sijamtazama," Thadei akasema.

Sista Aneth aliacha alichokuwa akifanya. Alikuwa wa hukuhuku, akaelewa. Hakumtukana, na Thadei aliona heri angemtukana. Alirudi kwa mgonjwa, akamfungua khanga wambadilishe nguo, akakuta fundo kwenye pembe ya ile khanga. Alilifungua. Ndani vilikuwamo vidonge, vingine vizima, vingine vimekatwa nusu kwa wembe.

"Na hivi? Nani kampa hivi?"

Thadei alivijua kabla hajavikaribia. Lilikuwa fundo la mama yake, la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha ndani. Hivyo ndivyo alivyofunga kila kitu maisha yake yote, mbegu, ugoro na sadaka ya Jumapili.

"Ni dawa za mama yangu za presha. Yuko wodi ya kule. Jana kapata kiharusi."

Sista Aneth aliangalia vidonge, akamwangalia Thadei, akaketi kidogo kwenye ukingo wa kitanda kitupu. Sasa na yeye alionekana amechoka.

"Dawa hizi mjamzito hapewi. Zinamdhuru mtoto. Na ugonjwa wake hazikuutibu, zilimpunguzia kichwa siku mbili tatu akaonekana amepona. Na yule bibi akabaki bila." Akasimama. "Tunampasua sasa hivi. Mtoto bado hajafika wakati wake, lakini akibaki ndani watakufa wote wawili. Unakubali?"

"Mtoeni."

"Hata mtoto asipokuwa mzima?"

"Nimesema mtoeni. Yule binti apone."

Walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji, Thadei alikwenda wodi ya mama yake. Miguu ilimpeleka tu. Imakulata alikuwa akimlisha bibi uji wa jirani, kijiko kidogo kidogo, nusu unaingia nusu unatoka.

"Mama, dawa zako ulimpa Suzana?"

Jicho zima la bibi likamwangalia. Akakusanya nguvu. "Mke… mwenza," akasema.

"Ulimpa?"

Akafumba jicho. Chozi likapita upande usio na hisia, hata hakulijua.

Imakulata aliweka bakuli chini. "Usimbane, Baba Alex. Nitakuambia mimi. Zahanati walimwambia Suzana presha iko juu, asikae nyumbani, aje huku haraka, awaambie wakubwa wake. Akamwambia bibi. Angemwambia nani mwingine? Bibi akasema, Thadei amechoka, mpunga uko nje, nikimwambia atauacha uliwe. Halafu unajua anavyoiogopa hospitali. Dada yake mdogo alichanwa tumbo akatoka na sanda. Akasema presha ninayo mimi miaka yote, dawa ninazo, kwa nini tuhangaike? Akaanza kumpa. Bibi mwenyewe akawa anameza nusu, siku nyingine hamezi."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Ningekuambiaje mambo ya tumbo la mkamwana wako?" Imakulata naye akapandisha sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Wewe akitajwa tu unatazama juu kama unatafuta mvua! Niambie ningeanza na neno gani?"

Thadei aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha mama yake. Alitaka kukasirika akaona hana pa kuianzishia hasira. Mama alinyamaza kwa kumhurumia, jirani kwa kumheshimu, na Suzana alifanya kama alivyolelewa. Kila mmoja alifanya jambo zuri, na mazuri yote hayo yalipojumlishwa yakatoa mwanamke anatikisika mchangani Kawajense. Mkono mmoja ukamgusa kichwani. Ulikuwa mkono mzima wa mama yake. Ukakaa pale.

Mtoto alitoka hai, wa kike, mdogo kama paka wa wiki moja. Suzana alizinduka kesho yake, presha imeshuka kiasi, lakini haoni. Ni giza tupu. Daktari alisema mara nyingi macho yanarudi, wasubiri, na asisogezwe wala asisumbuliwe. Alex alipatikana kwenye simu, akalia, akasema anatafuta gari. Shangazi aliyemlea Suzana alikuwa Majimoto, naye akasema atakuja, ila ana mguu mbovu asitegemewe upesi.

Sista Aneth akaja na kile kitoto kimevalishwa kofia, hakina nguo nyingine zaidi ya nepi.

"Mzee, vua shati."

"Nani, mimi?"

"Unaona kifua kingine hapa? Mama yake hawezi. Huyu anatakiwa akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, apate joto, kama kangaruu. Yule jirani yako yuko na bibi, hawezi kumwacha. Vua."

"Sista, humu kuna mkamwana wangu. Siwezi kukaa kifua wazi."

"Mkamwana wako haoni," Sista Aneth akasema. "Tena hata angeona. Vua shati kabla hajapoa."

Akavua. Walimfunga mtoto kifuani kwa shuka, wakampa kiti karibu na kitanda cha Suzana. Thadei alikigeuza kiti kikatazama ukuta. Wazazi wengine wodini waliziba midomo kwa khanga, lakini kicheko kikawapita.

"Babu kangaruu huyo!"

"Babu, hujajifungua vibaya. Umepata mtoto mwenye afya?"

"Acheni jamani, mzee wa watu ana aibu."

"Nani hapo?" Suzana akauliza kutoka kwenye giza lake.

Thadei alitazama ukuta, rangi ya kijani imebanduka pembeni. Kile kitoto kilipumua kifuani kwake, haraka haraka, kikasimama, kikapumua tena. Kila kiliposimama na yeye alisimama.

"Mwambie mama yako," alisema mwishowe, akimwinamia mtoto, "mwambie uko hapa. Uko kwa babu. Umenyonya kidogo kwa mrija."

Suzana aligeuzia uso upande wa sauti. "Mwambie babu nashukuru," akasema.

Basi mdomo ukapatikana. Waliongea kwa kupitia kitoto kile kwa siku kadhaa, kama walivyoongea kwa kupitia bibi na kwa kupitia kuku. Mwambie mama yako leo umepiga chafya. Mwambie babu akale, hajala tangu asubuhi. Mwambie mama yako bibi kaweza kukaa, kamtukana Imakulata, maneno hayaeleweki ila tusi linajulikana. Thadei alikwenda wodi ya mama yake, mtoto akiwa kifuani ndani ya koti, na sasa kila kidonge cha bibi alikiona kikiingia, akasubiri mpaka koo limeze, akasema, "Fungua mdomo, mama." Bibi alimkazia jicho. Alifungua. Mkono wake wa kulia haukurudi. Alikuwa amempepetea mwanawe mpunga kwa mkono ule miaka yote, na sasa ulikuwa wa kubebwa na mwenzake.

Mpunga uliobaki, majirani waliusogeza ndani. Ulioliwa uliliwa. Thadei aliambiwa kiasi kilichobaki akaitikia, baadaye hakukumbuka ni kiasi gani.

Alasiri moja alikuwa amesinzia pale kwenye kiti, uso ukutani kama kawaida, shuka limelegea. Suzana alisema kitu. Thadei alisikia "mwambie babu" akiwa nusu usingizini, akaitikia "mm" bila kufumbua macho.

"Mwambie babu kichwa…"

Usingizi ukamtoka wote. Aliukumbuka mlango wa jiko, kuku, moshi usiokuwepo. Daktari alikuwa amewaonya kwamba hata baada ya kujifungua ugonjwa ule unaweza kurudi.

"Nani unamwambia?" Thadei akauliza kwa ukuta.

"Nimesema mwambie…"

"Huyu mtoto hajatimiza hata wiki. Hasikii Kiswahili. Niambie mimi."

Mzazi mmoja aliyekuwa akisuka nywele aliacha.

"Baba," Suzana akasema, "kichwa kimeanza tena kuniuma."

Thadei alishika mtoto kwa mkono mmoja, kiti kwa mkono mwingine, akakigeuza. Miguu ya kiti ikalia kwenye sakafu. Akamtazama Suzana usoni, akianzia kwenye kope, akashuka mashavuni, mpaka midomoni, kama mtu anayekagua tairi kabla ya safari. Uvimbe ulikuwa umeondoka. Kumbe alikuwa na uso mwembamba, na kovu dogo juu ya jicho. Na yale macho yalikuwa yanamtazama. Yalimtazama yeye, kifua chake cha mvi, na kichwa kidogo chenye kofia chini ya kidevu chake. Yalianza kuona tangu lini, hakujua, na Suzana hakusema.

Binti aliinua mkono ajifunike uso. Mkono ukafika shavuni, ukakaa hapo, haukufunika.

"Kinauma upande gani?" Thadei akauliza.

"Hapa mbele."

"Unaona moshi?"

"Hapana, baba. Nakuona."

"Basi usifumbe macho." Akageuza shingo kuelekea mlangoni na kuita kwa sauti yake yote, mtoto akashtuka kifuani. "Sista! Sista Aneth! Njoo umpime huyu!" Kisha akarudisha macho yake palepale usoni mwa mkamwana, na hakuyaondoa mpaka sista alipoingia na mashine ya presha.